Sura ya 6: Dashibodi Nipake Nini?

Dashibodi nipake nini ili isipauke? Swali hili huulizwa Kariakoo mbele ya rafu zilizojaa chupa za kila rangi, huulizwa wanakooshea magari Mombasa na Mwanza, na huulizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye magari ya IST, Vitz na Probox. Majibu huja kwa wingi. Mmoja atasema mafuta ya nazi, mwingine mafuta ya mtoto, wa tatu polishi ya silikoni, wa nne mafuta ya breki, na kila mmoja ataapa kwamba gari lake linang'aa.

Kung'aa litang'aa kweli. Lakini swali la kupauka litakuwa bado halijajibiwa, kwa sababu kung'aa na kudumu ni mambo mawili. Sura hii inaeleza plastiki za ndani ya gari ni za aina gani, kitu gani huzimaliza, namna ya kuziosha bila kuziumiza, na mahali ambapo chupa ya dukani husaidia kweli. Jibu nalitoa mapema ili usome ukijua tunakoelekea: osha kwa upole, paka kidogo, na kivuli kitangulie yote mawili.

## Plastiki ya gari si ya aina moja

Siku fundi akifungua paneli ya mlango ili atengeneze kioo, mwombe aigeuze uone mgongo wake. Karibu na ukingo utakuta herufi ndogo zilizochapwa kati ya alama mbili za mshale, kwa mfano >PP-T20< au >ABS<. Herufi hizo hutaja kipande kimetengenezwa kwa plastiki gani. PP ni polipropilini, plastiki ileile ya ndoo na vyombo vingi vya jikoni. T20 maana yake asilimia 20 ya uzito wa kipande hicho ni talki, yaani unga wa jiwe laini unaochanganywa ili plastiki iwe ngumu na isijikunje kwenye joto. Ukikwaruza paneli nyeusi ya aina hiyo kwa funguo, mstari hutoka mweupe hata kama rangi nyeusi imo hadi ndani. Umeivuruga plastiki na kuufichua unga.

Ndani ya gari la kawaida utakutana na makundi haya:

- Polipropilini: sehemu ngumu zisizong'aa, kama chini ya milango, kisanduku cha mbele ya abiria, na vifuniko vya nguzo za pembeni.
- ABS: plastiki ngumu na nyororo inayozunguka redio na matundu ya hewa. Mara nyingi hupakwa rangi ya fedha au nyeusi ya kung'aa.
- Vinili: ngozi laini inayofunika dashibodi nyingi, sehemu za milango, na viti vya ngozi bandia.
- Akriliki na polikaboneti: plastiki angavu inayofunika mishale ya spidi na mafuta, pamoja na vioo vya skrini.
- Rangi laini yenye hisia ya mpira: tabaka jembamba juu ya vitufe na vishikio vya baadhi ya magari, hasa ya Ulaya.

Orodha hii ina kazi. Spiriti inayoondoa uchafu kwenye polipropilini bila kuacha alama inaweza kutia nyufa ndogondogo kwenye akriliki. Brashi inayofaa kwa mlango huchuna rangi laini ya kitufe. Kwa hiyo anayekuuzia dawa moja ya "plastiki zote" muulize kwanza imekusudiwa plastiki ipi.

## Kinachoimaliza plastiki

Maadui ni wawili wakuu, joto na mwanga wa jua, na hufanya kazi pamoja.

Tuanze na joto. Mwanga hupita kwenye kioo, dashibodi nyeusi huumeza, na joto linalotokea hubaki limefungiwa ndani kwa sababu hewa haina pa kutokea. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi. Baada ya saa moja tu, hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzijoto 47, usukani 53, na dashibodi 69. Maji ya nyuzijoto 69 huunguza ngozi mara moja. Hicho ndicho kipimo ambacho dashibodi hukivumilia, na hukivumilia siku baada ya siku mwenye gari akiwa ofisini.

Wanakemia wana makadirio yao ya jumla kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi ya kikemia huenda kama mara mbili ya kasi yake. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Oksijeni ya hewa huikata minyororo hiyo polepole, na joto huharakisha ukataji. Minyororo ikishakuwa mifupi, plastiki hupoteza unyumbukaji na kuwa kavu, mwishowe hupasuka. Nyufa huanzia mahali penye mvutano, kama kwenye kona za matundu ya hewa, matundu ya skrubu, na ukingo wa dashibodi unaokaribia kioo.

Vinili ina tatizo la ziada. Kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji, na ili iwe laini kiwandani huchanganywa na vilainishi, yaani kemikali za mafutamafuta zinazokaa kati ya molekuli na kuziruhusu ziteleze. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogokidogo. Sehemu huruka hewani, na ndiyo moja ya vyanzo vya ile harufu ya gari jipya. Sehemu hutua kwenye kioo cha mbele kwa ndani na kufanya utando wa mafuta unaoonekana usiku taa za gari linalokuja zikikupiga. Kila unapoufuta utando huo unafuta kitu kilichokuwa ndani ya dashibodi. Vinili iliyopoteza vilainishi husinyaa, na ikisinyaa hupasuka.

Adui wa pili ni mionzi ya urujuanimno, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho ambayo ina nguvu ya kukata molekuli moja kwa moja. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizobanwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu mionzi hiyo yote. Vioo vya milango kwa kawaida ni vya tabaka moja, na vingi hupitisha kiasi kikubwa zaidi. Ndiyo sababu dashibodi huathirika zaidi na joto, wakati sehemu za juu za milango na vifuniko vya nguzo hupauka kwa mionzi. Plastiki nyeusi hustahimili zaidi kwa kuwa rangi yake hutokana na masizi laini, na masizi huimeza mionzi kabla haijafika mbali. Plastiki za kijivu na za rangi ya maziwa hutegemea dawa za kinga zilizochanganywa kiwandani, na dawa hizo huisha kadiri miaka inavyokwenda.

### Mbona gari limetoka Japani likiwa zuri?

Tokyo iko kama nyuzi 36 kaskazini mwa Ikweta na ina majira ya baridi. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini, na jua lake halina msimu wa kupumzika. Gari likishushwa bandarini, plastiki yake huanza maisha magumu zaidi ikiwa tayari na umri. Kenya, kwa mfano, haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi huchukua yaliyo karibu na ukomo huo kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kinga ya kiwandani imeshapungua miaka yote hiyo. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha hali ya ndani kwa herufi, A ikiwa safi kabisa na zinazofuata zikishuka, lakini herufi hiyo hueleza kinachoonekana kwa macho. Kinga iliyobaki ndani ya plastiki haipimwi na mkaguzi wa mnada.

Hata watengenezaji wakubwa wameshindwa na joto. Katikati ya miaka ya 2010 Toyota ilitoa nchini Marekani dhamana ya ziada kwa dashibodi za baadhi ya magari yake, Camry ikiwemo, zilizokuwa zikinata na kupasuka. Ukinunua gari la aina hiyo na kukuta dashibodi inanata kwenye vidole, usimlaumu aliyelimiliki kabla yako kwamba hakulitunza. Huenda vinili yenyewe haikuweza kuhimili.

Kwa ufupi: joto huikausha dashibodi, mionzi huipausha milango, na vinili husinyaa kwa kupoteza vilainishi. Hakuna polishi inayorudisha mnyororo wa molekuli uliokatika.

## Mng'ao unatoka wapi?

Plastiki iliyochakaa ina mashimo madogo mno kuonekana kwa macho. Mwanga ukiipiga hutawanyika kila upande, na jicho huona kijivu. Ukipaka mafuta ya aina yoyote, mashimo hujaa, mwanga unarudi kwa mpangilio, na jicho huona weusi. Hiyo ndiyo siri yote ya mng'ao. Mafuta yakikauka au yakinywa vumbi, kijivu kinarudi. Katika muda wote huo plastiki ya chini haikupata nafuu.

Tofauti ya mafuta hayo iko katika madhara yake:

Polishi ya silikoni. Silikoni ni mafuta ya kutengenezwa yasiyoharibika upesi na yasiyopambana na plastiki nyingi. Tatizo huwa ni vimiminika vikali vya petroli vinavyoibeba katika polishi za bei ya chini, na wingi wa mafuta yenyewe. Dashibodi iliyolowa silikoni hujionyesha yote kwenye kioo cha mbele. Ukiendesha alasiri kutoka Dar es Salaam kuelekea Kibaha, jua likiwa usoni, mng'ao huo huweza kumficha mtu anayevuka barabara. Kwenye usukani na pedali silikoni huteleza, na hapo hatari haihitaji maelezo.

Mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti yakikutana na joto na hewa huganda yakawa gundi, kama ule utando wa njano unaong'ang'ania ukingo wa kikaango. Kwenye dashibodi gundi hiyo hushika vumbi, na kuiondoa ni kazi ya siku nzima. Mafuta ya nazi hayagandi hivyo, lakini kwa joto la Pwani hubaki maji muda mwingi, hivyo hutiririka kwenye maungio na vitufe.

Mafuta ya breki, mafuta ya taa, dizeli na petroli. Hivi vyote viache. Mafuta ya breki huyeyusha rangi. Mafuta ya taa na petroli hulainisha na kuvimbisha plastiki, hutoa mvuke mbaya kwa mapafu, na huweka kitu cha kushika moto ndani ya chumba kilichofungwa.

## Siku ya kusafisha

Usafi ndio nusu ya utunzaji, kwa sababu vumbi la barabara zetu limejaa mchanga. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko plastiki yoyote ndani ya gari. Anayepangusa vumbi kavu kwa kitambaa kikavu anasugua dashibodi kwa msasa mwembamba. Tena msuguano huo huacha umeme tuli, yaani chaji ndogo inayokaa juu ya plastiki, na chaji hiyo huvuta vumbi jipya mara tu unapofunga mlango.

Andaa vifaa hivi: brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, mswaki laini, vitambaa vitatu au vinne vya maikrofaiba, ndoo mbili ndogo, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Vakyumu ikiwepo ni bora. Isipokuwepo, brashi na kitambaa chenye unyevu vinatosha.

1. Egesha kivulini na usubiri ipoe. Sabuni ikikauka juu ya plastiki ya moto huacha madoa.
2. Toa vumbi kwanza. Pitisha brashi kwenye matundu ya hewa, mzunguko wa vitufe na mishono, huku vakyumu ikivuta karibu yake. Anza juu ushuke.
3. Changanya sabuni hafifu. Matone machache ndani ya lita moja ya maji ya uvuguvugu yanatosha. Povu likiwa jingi umezidisha.
4. Jaribu mahali pa kujificha, kama chini ya usukani, uone kama rangi inatoka kwenye kitambaa.
5. Lowesha kitambaa, kamua mpaka kisidondoke, kisha kikunje mara mbili. Kitambaa kilichokunjwa hivyo kina pande 8 safi. Upande ukichafuka, geuza. Usiupitishe tena ulioshika mchanga.
6. Sehemu zenye vinyweleo vya ngozi bandia zisugue kwa mswaki laini kwa mizunguko midogo, halafu nyonya uchafu kwa kitambaa kabla haujakauka.
7. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Sabuni iliyobaki hunata na kuita vumbi.
8. Kausha kwa kitambaa kikavu, kisha acha milango wazi kwa muda.
9. Plastiki angavu ziwe za mwisho, na ziwe na kitambaa chao ambacho hakijagusa kitu kingine. Maji matupu, mkono mwepesi. Usitumie spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia, kwa sababu huleta ukungu na nyufa ndogo zisizofutika.

Kamwe usipulizie kimiminika moja kwa moja kwenye redio, vitufe vya madirisha au matundu ya hewa. Pulizia kitambaa. Pale palipoandikwa SRS kuna mfuko wa hewa, puto linalofumuka kumkinga mtu gari likigonga. Hapo futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, na maji yasiingie kwenye mshono.

Jik, sabuni ya unga ya kufulia, unga wa kusugulia masufuria na steelwaya havina kazi ndani ya gari. Vya kwanza viwili hupausha na kukausha. Viwili vya mwisho huchonga, na kilichochongwa hakirudi. Sponji nyeupe za melamini zinazouzwa kama kifutio cha madoa nazo husugua kama msasa mwembamba, na zikitumika kwenye sehemu ya kung'aa huifubaza.

## Madoa yanayosumbua

Alama nyeupe za vidole kwenye mlango. Angalia kishikio cha mlango wa dereva kwa karibu. Ukiona alama za vidole zilizozama kidogo na kupauka, ambazo maji na sabuni hazizigusi, mara nyingi chanzo ni dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Dawa nyingi za aina hiyo zina kemikali iitwayo DEET. Ngozi huivumilia, lakini huyeyusha uso wa plastiki kadhaa, vinili na ABS zikiwemo. Alama iliyoingia haitoki, kwa sababu si uchafu tena, ni plastiki iliyoyeyuka na kuganda upya. Dawa ni kuzuia: jipake, subiri ikauke, osha viganja, ndipo ushike mlango na usukani. Krimu za kuzuia jua nazo zinahitaji tahadhari hiyohiyo.

Vitufe vinavyonata. Rangi laini yenye hisia ya mpira huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa. Tanga, Mombasa na Unguja hali hii huja mapema. Sabuni haiondoi mnato huo kwa sababu ni rangi yenyewe inayooza. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, polepole, mpaka ifike plastiki ngumu ya chini. Alama za kitufe zinaweza kufutika pamoja na rangi, basi anza na kitufe usichokihitaji sana.

Gundi ya stika za Kijapani. Ipashe kwa upepo wa mashine ya kukaushia nywele, menya taratibu kwa ukucha au kipande cha kadi ya plastiki, paka tone la mafuta ya kupikia kulainisha mabaki, kisha osha mafuta yote kwa sabuni.

Kuvu la masika. Kuanzia Machi hadi Mei gari lililofungwa na mazulia mabichi huota kuvu kwenye usukani na mikanda. Lifute kwa maji ya sabuni ukiwa nje, ukitupa au kuchemsha kitambaa baadaye, halafu kausha mazulia juani nje ya gari. Usipokausha mazulia, kuvu litarudi.

Manukato yaliyomwagika. Manukato ya maji ya kuwekwa juu ya dashibodi yana viyeyusho. Tone likikaa saa chache huacha duara lililovimba. Yakimwagika, nyonya mara moja kwa karatasi laini na osha kwa sabuni. Vilevile mikeka ya mpira ya kushikia simu huacha alama yake ikikaa miezi mingi kwenye joto, kwa sababu vilainishi huhama kati ya mkeka na dashibodi. Ihamishe, au itoe gari likiegeshwa.

## Chupa ipi, na kiasi gani?

Chupa nzuri ipo, na kazi yake ni ndogo lakini ya kweli. Dawa za kinga zilizotengenezwa kwa maji huacha tabaka jembamba lenye kemikali zinazomeza mionzi ya urujuanimno. Hufaa zaidi pale ambapo mionzi huingia kwa wingi, yaani sehemu za juu za milango. Soma maelezo ya chupa kabla ya kulipa. Tafuta inayosema imetengenezwa kwa maji, inayotaja kinga dhidi ya mionzi hiyo, na inayoacha uso usiong'aa. Iliyoandikwa onyo la kushika moto mara nyingi ina vimiminika vya petroli. Irudishe kwenye rafu.

Namna ya kupaka ni hii: plastiki iwe safi na kavu, weka kidogo kwenye kitambaa, sambaza, subiri dakika chache, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kiganja kikipita kisihisi utelezi. Usukani, gea, pedali na kioo cha spidi visiguswe na dawa hiyo. Tabaka huisha kwa kufutwa na kwa jua, kwa hiyo hurudiwa kila mwezi mmoja au miwili.

## Kivuli kinaishinda chupa

Watafiti wale wa Arizona walipima pia magari ya kivulini. Dashibodi iliyokuwa 69 juani ilikuwa 48 kivulini, tofauti ya nyuzijoto 21 kwa saa moja tu. Kwa yale makadirio ya wanakemia, uchakavu wa juani huenda kama mara nne ya kasi ya kivulini. Hakuna chupa inayoahidi hivyo.

- Kizuia jua cha kioo cha mbele, kile cha kung'aa kinachokunjwa, hurudisha mwanga nje kabla haujageuka joto. Kikae kimegusa kioo, na upande unaong'aa utazame nje. Boksi gumu lililokatwa vizuri nalo hufanya kazi.
- Geuza gari. Kama utaegesha mchana kutwa, nyuma ya gari ielekee magharibi, ili jua la alasiri lisiikute dashibodi.
- Chagua mti. Mwarobaini una kivuli kizuri. Chini ya mwembe utomvu na matunda huanguka kwenye rangi ya nje, basi pima faida na hasara.
- Fungua milango kwanza. Kabla ya kuwasha kipooza hewa, toa hewa ya moto kwa nusu dakika. Hewa baridi inayogonga plastiki ya moto kwa ghafla huongeza mvutano kwenye matundu.
- Kitambaa cha dashibodi kinasaidia, mradi kiwe kimekatwa kwa ajili ya gari hilo na kisifunike mfuko wa hewa wa abiria. Kilichobandikwa kwa gundi juu ya mfuko huo ni hatari.

## Kuzungumza na anayeosha gari

Magari mengi huoshwa na vijana wenye bidii ambao wamezoeshwa na wateja kwamba mng'ao ndio malipo. Kijana akimaliza huchukua chupa na kupulizia kila kitu, usukani ukiwemo. Hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya kinachosifiwa. Mwambie mapema, na kwa heshima:

"Mdogo wangu, leo ndani usinipakie polishi. Nipigie brashi kwenye matundu, unifutie kwa kitambaa safi chenye maji, halafu unikaushie."

Huenda akakujibu, "Mzee, haitang'aa lakini." Mjibu kwamba ndivyo unavyotaka, na umlipe kama kawaida. Ukimletea vitambaa vyako viwili umemwondolea tatizo kubwa kuliko yote, kwa sababu kitambaa cha pale kimeshapita kwenye rimu na milango ya magari mengine, na kimebeba mchanga wao.

## Ratiba ya mwaka

- Kila wiki: brashi laini na kitambaa chenye unyevu.
- Kila mwezi: maji ya sabuni, kusuuza, kukausha, na kufuta kioo cha mbele kwa ndani.
- Kila mwezi au miwili: kinga ya maji, tabaka jembamba, kuanzia juu ya milango.
- Kabla ya masika: kagua mpira wa milango kama unavujisha maji, na anika mazulia.
- Kila unapoegesha juani: kizuia jua kwenye kioo.

## Ikiwa imeshapasuka

Ufa ukishatokea, usafi hauufungi. Mafundi wa viti katika miji yetu wanaweza kufunika dashibodi upya kwa vinili, na wengine hujaza nyufa na kupaka rangi. Kabla ya kumkabidhi fundi gari, muulize atafanya nini kwenye mshono wa mfuko wa hewa. Asipokuwa na jibu la wazi, tafuta mwingine. Dashibodi yenye ufa inaweza kutumika miaka mingi bila kumdhuru mtu, lakini mfuko wa hewa ulioshonewa vinili nene huenda usifumuke inavyotakiwa.

Kwa ambaye dashibodi yake bado nzima, kazi ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Sabuni ipo nyumbani, brashi ya rangi ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, na kitambaa cha maikrofaiba hudumu kikifuliwa vizuri. Ukibaki na fedha ya kitu kimoja tu kati ya vyote vilivyotajwa katika sura hii, ipite rafu ya chupa na ununue kizuia jua cha kioo cha mbele, kisha ukitumie kila siku.